Vibao Vyeupe vya Mkononi katika Darasa la Kalkulasi: Tathmini Baada ya Mihula Minne

Nimefundisha kalkulasi na aljebra ya mstari kwa wanachuo wa mwaka wa kwanza kwa miaka mingi, na katika mihula minne iliyopita nimeifanya kazi hiyo nikiwa na kifaa kimoja kisicho na betri, kisicho na skrini na kisichohitaji intaneti: kibao cheupe cha mkononi, chenye ukubwa wa karatasi ya A4, kinachoandikwa kwa kalamu ya wino unaofutika. Seti ninayoitumia ilikuja na vibao thelathini, kalamu thelathini na vitambaa thelathini vya kufutia. Upande mmoja wa kila kibao ni mtupu, na upande wa pili umechorwa miraba midogo pamoja na mihimili miwili, wa x na wa y. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya walimu wenzangu wa hisabati vyuoni wanaojiuliza kama kitu kinachoonekana kuwa cha watoto wa shule ya msingi kinaweza kuwafaa watu wazima wanaosoma vikomo na integrali. Jibu langu ni kwamba kinawafaa sana, kuliko vifaa vingi vya gharama kubwa nilivyowahi kukabidhiwa, kwa sharti moja linalohusu maswali ya mwalimu. Sharti hilo nitalieleza kwa urefu, kwa sababu ilinichukua muhula mzima kulitambua.

Kila mwalimu wa hisabati anaujua mtego wa swali la "Mmeelewa?" Anauliza, baadhi wanaitikia "Tumeelewa", wengine wanakaa kimya, naye anaendelea na mfano unaofuata kwa sababu muda unakwenda. Kimya kile hakina maana moja. Kuna anayenyamaza kwa kuwa amekwisha kuimaliza hesabu, kuna anayenyamaza kwa kuwa bado ananakili mstari wa tatu kutoka ubaoni, na kuna aliyepotea tangu juma lililopita ambaye hatathubutu kunyoosha mkono mbele ya wenzake tisini. Wakipatikana wa kujibu, huwa ni wale wanne au watano walewale wa viti vya mbele, na mwalimu anatoka darasani akiamini kwamba wote wamekwenda pamoja naye. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Katika somo letu kinachoumbua ni mtihani wa mwisho, wakati ambapo nafasi ya kutibu imekwisha. Kibao kinakiondoa kificho hicho. Kila kikundi kinalazimika kuandika kitu, na yote yaliyoandikwa ninayaona kwa mtupo mmoja wa macho, kabla sijaamua kama ninaendelea mbele au ninarudi nyuma.

Utaratibu wangu ni mfupi. Ninaandika swali kwenye ubao mkuu, ninawapa dakika moja ya kulifikiri kila mtu peke yake bila kushika kalamu, kisha ninawapa dakika mbili au tatu za kuandika wakiwa watatu watatu kwa kibao kimoja. Baada ya hapo ninahesabu hadi tatu, na vibao vyote vinainuliwa kwa pamoja. Huko kuinua kwa pamoja kuna uzito kuliko kunavyoonekana. Katika majuma ya mwanzo niliwaacha wainue kila kikundi kinapomaliza, nikashuhudia jinsi macho yalivyokimbilia kibao cha kijana mmoja hodari wa safu ya pili, na jinsi mikono ilivyofuta haraka kilichokuwa kimeandikwa ili kiandikwe alichoandika yeye. Makosa yaliyofutwa pale ndiyo niliyoyahitaji. Tangu nilipoweka sharti la kuhesabu, ninayaona.

Vibao vikiwa juu, sisemi lipi ni sahihi. Ninachagua viwili vinavyopingana, ninavisimamisha kwenye kishubaka cha ubao mkuu, kisha ninamwomba mtu ambaye si mwenye kibao aeleze mwandishi wake alifikiri nini. Ombi hilo linamwondolea mwenye jibu aibu ya kujitetea, na linamlazimisha mwingine kuingia katika fikra za mwenzake, jambo ambalo katika hisabati ni gumu na lina faida kubwa.

Nieleze kipindi kimoja kwa karibu, kwa sababu ndicho kilichonifanya niache kukiona kibao kama pambo. Tulikuwa tumemaliza Kanuni ya Msingi ya Kalkulasi, ile inayotuwezesha kupata integrali, yaani eneo kati ya grafu na mhimili wa x, lililo chini ya mhimili likihesabiwa hasi, kwa kutafuta funksheni (uhusiano unaoipa kila x thamani moja) ambayo derivativu yake, yaani kasi yake ya kubadilika, ni ile tuliyopewa, kisha kutoa thamani ya mwanzo kutoka katika thamani ya mwisho. Wanachuo walikuwa wameifanyia mazoezi mengi na mikono yao ilikuwa myepesi. Niliwaandikia integrali ya 1/x² kuanzia –1 hadi 1, bila kusema lolote zaidi. Dakika mbili baadaye vibao viliinuka, na zaidi ya nusu vilikuwa na jibu moja: –2. Hesabu yao ilikuwa safi. Funksheni inayotakiwa ni –1/x. Ukiweka 1 unapata –1, ukiweka –1 unapata 1, na –1 ukitoa 1 ni –2. Vibao vichache vilikuwa na 2, inaelekea kwa sababu wenyewe walihisi kwamba alama ya kutoa haifai wakaiondoa kimyakimya. Kimoja, cha mabinti watatu waliokaa karibu na mlango, hakikuwa na jibu kabisa. Kilikuwa na sifuri iliyozungushiwa duara na alama ya kuuliza pembeni.

Sikusahihisha. Niliwaambia wageuze kibao upande wa miraba, wachore grafu ya 1/x² na kutia kivuli kwenye eneo walilolikokotoa. Kalamu zilianza kwa kasi, kisha kasi ikapungua. Mikono miwili ya grafu ilipanda juu kila upande wa mhimili wa y, hakuna hata kipande kimoja kilichoshuka chini ya mhimili wa x, na mnong'ono ukaanza kusambaa kutoka nyuma. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, lakini eneo lote liko juu. Haliwezi kuwa hasi." Nikamuuliza alichoandika upande wa pili ni nini. Akageuza kibao, akakitazama, akanyamaza. Sauti iliyofuata ilitoka kwa mmoja wa wale mabinti wa mlangoni: "Kwenye sifuri haina thamani, Mwalimu. Tumeipita tu kama vile haipo."

Kwa mhadhara ningelieleza jambo hilo kwa sentensi mbili: kwamba kanuni inadai funksheni isiwe na mahali inapokatika katika muda wote unaohusika, na kwamba hii inakatika kwenye sifuri. Wangeziandika sentensi hizo daftarini na kuzisahau. Siku ile walikuwa wameshika mikononi jibu lao wenyewe na mchoro wao wenyewe, na viwili hivyo vilikuwa vikikanushana. Nikawaomba wakokotoe eneo kuanzia 0.1 hadi 1, kisha kuanzia 0.01, kisha kuanzia 0.001. Vibao vikainuka na 9, na 99, na 999, na hapo hapakuhitajika maneno yangu mengi kuonyesha kwamba eneo lile halina ukomo. Katika mtihani wa muhula ule niliweka swali la aina hiyohiyo lenye sura nyingine, na nilipokuwa nikisahihisha niliona wengi wakianza kwa kuandika mahali funksheni inapokatika kabla ya kugusa kanuni yoyote. Sijawahi kuliona hilo katika miaka ya mihadhara mitupu.

Sasa nije kwenye lile sharti. Muhula wangu wa kwanza na vibao haukuwa na matunda, na kosa lilikuwa langu. Nilichukua mazoezi yaleyale ya kitabu na kuyahamishia kwenye vibao. Niliwaambia watafute derivativu ya x² sin x. Vibao thelathini viliinuka vikiwa na 2x sin x + x² cos x, vichache vikiwa na kosa la uzembe, na baada ya hapo hapakuwa na la kuzungumza. Tulipoteza dakika tano kupata habari ambayo zoezi la nyumbani lingenipa bila gharama. Wanachuo waliliona hilo mapema kuliko mimi, na kufikia juma la sita wengine walikuwa wakichora maua kwenye pembe za vibao wakinisubiri niendelee. Kibao hakishirikishi mtu yeyote kwa nguvu zake. Kinakuza sauti ya swali: swali likiwa butu, kinalionyesha butu lake kwa darasa zima.

Maswali yaliyofanya kazi yana tabia chache zinazofanana. Jibu lake ni fupi na linaandikika kwa maneno machache, kwa mchoro au kwa mfano, ili lisomeke kutoka mbali. Linaweza kuwa zaidi ya moja. Na kuna kosa linalovutia, kosa ambalo mtu mwenye akili timamu analifanya kwa sababu ya kitu alichokielewa nusu. Ninayoyapenda kuliko yote ni yale yanayoomba mfano badala ya jibu. "Toa funksheni isiyokatika popote ambayo haina derivativu mahali x = 2." Vibao vya swali hili havifanani. Wapo wanaoandika |x – 2|, wapo wanaochora pembe kali tu bila fomula, na mwaka jana kikundi kimoja kiliandika kipeuo cha tatu cha x – 2, ambacho hakina pembe yoyote. Grafu yake inapita laini, ila inasimama wima mahali pale. Tulizungumza juu ya kibao hicho kwa dakika kumi, na sikuwa nimezipanga. "Andika matriki mbili, A na B, ambazo hakuna hata moja iliyo sifuri, lakini AB ni sifuri." Matriki ni jedwali la namba, na AB ni zao la hizo mbili. Swali hili linavunja imani iliyojengwa tangu utotoni kwamba zao likiwa sifuri basi mmoja wa wazidishwa ni sifuri. Wengine wanagoma kwa dakika mbili nzima wakisema haiwezekani, na wanapoinua vichwa na kuiona ikiwa imewezekana kwenye kibao cha jirani, huandika kwa namna tofauti kabisa.

Kwenye mantiki, swali langu la kudumu ni la kukanusha: "Kila namba halisi ina namba nyingine iliyo kubwa kuliko yenyewe." Vibao vingi huandika, "Kila namba halisi haina namba iliyo kubwa kuliko yenyewe." Lugha yenyewe inatega hapa, kwa sababu katika mazungumzo ya kawaida tunakanusha kitenzi na kuliacha neno "kila" mahali pake, na msikilizaji anatuelewa. Hisabati haikubali. Ukanushaji wake ni kwamba ipo angalau namba moja halisi isiyo na iliyo kubwa kuliko yenyewe. Unapoziona sentensi hizi mbili zimesimama bega kwa bega kwenye vibao viwili, zote zikiwa zimeandikwa na wanachuo kwa mkono wao, tofauti yake inajieleza yenyewe.

Huenda msomaji anauliza kama haya ni mapenzi ya mtu mmoja kwa chombo chake. Kuhusu vibao hasa, ushahidi ninaoutoa ni wa darasa langu tu. Kuhusu ujifunzaji shirikishi kwa ujumla, yaani wanachuo kufanya na kujadiliana darasani badala ya kusikiliza tu, ambao kibao ni njia mojawapo ya kuutekeleza, ushahidi ni mkubwa. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichapisha, katika jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, uchambuzi wa tafiti 225 zilizolinganisha mihadhara ya kawaida na madarasa shirikishi katika sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Wastani wa walioshindwa masomo yao ulikuwa asilimia 33.8 kwenye mihadhara na asilimia 21.8 kwenye madarasa shirikishi. Mwaka 2016 Conference Board of the Mathematical Sciences, baraza linalounganisha vyama vya wanahisabati wa Marekani, lilitoa tamko la kuvitaka vyuo na idara za hisabati kuziingiza mbinu hizi madarasani. Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Florida International University uliowahusu wanachuo 811 wa kalkulasi waliogawanywa kwa bahati nasibu, ambapo waliosoma kwa kushirikishwa walielewa zaidi na kufaulu zaidi. Ninauthamini sana utafiti huu wa mwisho kwa sababu ni wa kalkulasi, si wa fizikia wala biolojia, na kwa sababu ya bahati nasibu hiyo. Hakuna awezaye kusema kwamba wanachuo hodari ndio waliojichagulia darasa bora.

Nimewahi pia kutumia vibonyezo vya kupigia kura, vile vidude ambavyo kila mwanachuo anabonyeza A, B, C au D na hesabu ya kura inatokea kwenye skrini. Njia hii ilipata sifa kupitia Eric Mazur, mwanafizikia wa Harvard, aliyeanza mwaka 1991 kuwafanya wanachuo wake wajibu swali peke yao, wajadiliane na jirani, kisha wajibu tena. Utaratibu wake ninauheshimu, na nimeuazima sehemu kubwa. Kwa ukumbi wa watu mia tatu, au kwa darasa ambalo watu wanaogopana sana, vibonyezo vinafaa kuliko vibao, maana kura ni ya siri na hesabu yake ni ya papo hapo. Tatizo langu navyo ni kwamba majibu manne lazima niyatunge mimi, na hivyo ninaona makosa niliyokwisha kuyafikiria tu. Ile sifuri yenye duara na alama ya kuuliza isingekuwa miongoni mwa A, B, C na D. Kwa upande mwingine zipo mbao kubwa za ukutani, ambazo Peter Liljedahl wa Simon Fraser University, Kanada, amezifanyia kazi kubwa, vikundi vya watu watatu waliopangwa bila kuchaguliwa wakisimama mbele yake. Kwa hesabu ndefu ni bora kuliko vibao vyangu. Zinahitaji chumba chenye kuta tupu na nafasi ya kusimama, na kumbi zetu nyingi za mihadhara zina viti vilivyofungwa sakafuni kwa nati.

Kuhusu kifaa chenyewe, jambo la kwanza la kuangalia ni uso wake. Seti yangu ya kwanza, ambayo sikudumu nayo hata muhula mmoja, ilikuwa na uso wa melamini nyembamba. Mwezi wa kwanza ulifutika vizuri, wa pili ulianza kubaki na kivuli cha maandishi ya jana, na kufikia wa tatu vibao vilikuwa na ukungu wa kijivu ambao mtu aliyeketi safu ya kumi hawezi kusoma kupitia kwake. Muuzaji hakuwa na la kusema. Seti ya sasa ina uso wa chuma kilichopakwa enameli. Ni nzito zaidi kubeba, lakini baada ya mihula mitatu bado inafutika kwa kitambaa kikavu. Palipobaki alama ya wino uliokaa siku nyingi, ninaandika juu yake kwa kalamu mbichi na kufuta mara moja, au ninatumia tone la spiriti. Kabla ya kununua, omba kibao kimoja, kiandike, kiache kwa siku mbili, ndipo ukifute.

Kalamu ni udhaifu mkubwa kuliko vibao. Zilizokuja na seti zilikuwa za ncha nyembamba, na maandishi yake hayasomeki kutoka mbali. Nilizibadilisha zote kwa ncha nene na rangi nyeusi au bluu tu, kwa kuwa kijani na chungwa hupotea chini ya taa. Zinakauka haraka zikiachwa bila kifuniko, na wanachuo huziacha. Vitambaa vilipotea vyote ndani ya muhula mmoja, na sasa kila kikundi kinajiletea chake, au soksi kuukuu isiyo na jozi, ambayo inafuta kuliko dasta yoyote niliyoinunua.

Kasoro za matumizi nisizifiche. Kwanza ni muda. Mahali nilipokuwa nikipitia mifano kumi, sasa ninapitia minne au mitano, na iliyobaki ninawapa kama kazi ya kusoma kabla ya kipindi. Wapo wasiosoma, na hao hubaki nyuma kwa namna ambayo mhadhara ungeificha. Pili, kilichofutwa kimekwenda. Mwanachuo anaweza kuwa na kipindi kizuri kuliko vyote halafu akafungua daftari usiku na kukuta ukurasa mtupu. Nimeweka dakika tatu za mwisho ziwe za kuandika daftarini, kwa maneno ya mwanachuo mwenyewe, kosa alilolifanya siku ile na jinsi alivyoligundua. Tatu, uthibitisho mrefu hauingii kwenye A4. Nimejaribu kuugawa kwa vikundi, kila kikundi mstari mmoja, na matokeo yakawa kama shati lililoshonwa na mafundi sita wasiozungumza; kwa uthibitisho ninarudi kwenye karatasi.

Kuna kasoro iliyonichukua muda kuiona: kalamu ni moja na watu ni watatu. Mwenye kalamu ndiye mwenye kauli. Mara nyingi ni yule aliye mwepesi, na wawili waliobaki wanamtazama. Nilianza kuweka sheria kwamba anayeshika kalamu haruhusiwi kuandika wazo lake mwenyewe, anaandika analoambiwa na wenzake tu, na kalamu inazunguka kila swali. Juma la kwanza wanachuo hodari walikereka waziwazi. Mmoja wao alinifuata ofisini akaniambia kwamba kumweleza mwenzake hatua ambayo yeye huifanya kichwani bila kuitaja kulimfanya agundue kwamba hajui kwa nini hatua hiyo ni halali. Alikuwa akigawa pande zote mbili za mlinganyo kwa x bila kujali kwamba x inaweza kuwa sifuri, na majibu yalikuwa yakipotea bila yeye kujua.

Mwisho ni malalamiko ya wanachuo wenyewe, na hapa ninawaomba walimu wenzangu wajiandae moyoni. Katika fomu za tathmini za muhula wangu wa pili mmoja aliandika, "Mwalimu hafundishi, anatuachia tufundishane." Iliniuma, kwa sababu maandalizi ya vipindi vile yalinichukua muda mara mbili ya mihadhara. Baadaye nilisoma utafiti wa Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard, uliochapishwa mwaka 2019, ambao waliwagawa wanachuo wa fizikia kati ya mhadhara uliotolewa kwa ustadi na darasa shirikishi, mada ikiwa ileile. Walioshirikishwa walipata alama za juu zaidi katika jaribio, huku wakisema kwamba wamejifunza kidogo kuliko wenzao. Mhadhara mzuri unamwachia msikilizaji hisia kwamba kila kitu kimenyooka. Kuhangaika na kibao kunamwachia uchovu na mashaka, naye anaudhani uchovu ule ni dalili ya kutojifunza. Tangu hapo, katika kipindi cha kwanza kabisa cha muhula ninawaeleza matokeo hayo na ninawaambia kwamba watachoka. Malalamiko hayajaisha, lakini yamepungua, na yanayobaki yanahusu maswali fulani yaliyokuwa na utata, ambayo ninayakubali na kuyarekebisha.

Kwa mwenye darasa la watu ishirini hadi mia moja na meza za kukaa, ninapendekeza vibao hivi bila kusita: uso wa enameli, upande mmoja wenye miraba, kibao kimoja kwa watu watatu, na akiba ya kalamu mara mbili ya idadi ya vibao. Asiyeweza kununua aanze na karatasi nyeupe ngumu ndani ya mfuko wa plastiki angavu. Unaandikika na kufutika, na nimeutumia juma zima vibao vyangu vilipokuwa vimeazimwa na mwenzangu wa takwimu. Kwa muhula ujao nimeomba vibao kumi vya ukubwa wa A3 kwa ajili ya darasa la milinganyo ya derivativu, maana kuchora uga wa miteremko, yaani vistari vingi vinavyoonyesha mteremko wa kila mahali, kwenye A4 kunawabana watu watatu, na nimekwisha kuanza daftari jipya la maswali; hadi leo yapo kumi na saba, na matano kati yake nina shaka nayo.